Kanga Mwenye Viatu

Fulana mia mbili na kumi na mbili.
Nilizihesabu mwenyewe, kwa sauti,
maana ofisa alikuwa amesahau miwani nyumbani
akaniomba, kwa adabu kabisa,
nimsaidie kujaza hati ya kukamata mali yangu.

Kila moja ilikuwa na duma mwenye bawa kifuani.
Duma si wangu, sijawahi kusema ni wangu.
Hata kumchora sikumchora:
nilimtoa kwenye simu ya Avutia,
Avutia alimpata kwa shemeji yake wa Koboko,
basi kamuulizeni shemeji.
Wakili wa kutoka Kampala alinisikiliza
kama unavyomsikiliza mtoto
akieleza jinsi sukari ilivyompanda mdomoni yenyewe.
"Mama Candiru," akasema,
"cha wizi hakitakati kwa kupita mikono mingi."

Lakini nilibadilisha, nikamwambia.
Bawa la duma wao liko kulia. La kwangu kushoto.
Akachukua fulana moja, akaigeuza ndani nje,
akaiinua kwenye mwanga wa mlango.
Bawa likahamia kulia.
Hata fundi wangu Onzima alicheka, mpumbavu yule.

Wakapakia. Wakachukua na fremu,
na kopo la wino mweusi ambalo halikuwa na kosa lolote.
Nikabaki na meza, na barua yenye muhuri:
alama ya biashara, fidia, siku kumi na nne.
Majirani walinipa pole kama za msibani,
kisha kimyakimya
wakashusha duma wao kwenye kamba.

Usiku nilibishana na dari.
Mwenye duma anakaa wapi? Sijui. Ng'ambo.
Atakonda kwa elfu kumi na tano za Arua?
Duma wake halisi anauzwa laki mbili,
huku amnunue nani?
Nilishinda kesi yote gizani.
Umeme uliporudi saa tisa, barua ilikuwa bado mezani.

Nililipa kwa mafungu. Cherehani ikaenda.
Karo ya Candiru ikachelewa muhula mzima,
naye hakuniuliza, na hilo ndilo lililouma.

Mwezi wa nane, stendi ya Gulu,
kijana wa kuuza maji alikuja dirishani mwa basi
na kifuani mwake nikamwona kanga.
Kanga ndege, si kanga nguo.
Kanga mwenye viatu vya shule, soksi hadi magotini,
na kamba ya kiatu cha kushoto haijafungwa.

Nilimchora mimi huyo.
Candiru alikuwa amekataa viatu,
nikamwambia, tazama, hata kanga anavaa,
na kamba ile sikuimalizia
kwa sababu maharagwe yalikuwa yanafurika jikoni.
Baadaye nilimchapa kwenye fulana kumi na mbili tu, za watoto.
Na sasa yuko Gulu, amegeuzwa, anatazama upande mwingine,
kamba inaning'inia vilevile,
maharagwe yangu yanafurika kwenye kifua cha mtu.

"Umenunua wapi?"
"Kwa jumla, mama. Ziko nyingi. Za kila saizi."

Namba ya wakili nilikuwa nayo.
Ilikuwa juu ya barua, karibu na muhuri.
Alinyamaza kwanza. Nadhani alikuwa anatabasamu,
simu haionyeshi.
Akasema mchoro una mwenyewe tangu siku ulipochorwa,
kazi ni kuonyesha hiyo siku.
Mali bila daftari, akaanza,
huisha bila habari, nikamalizia, najua.

Daftari ninalo.
Nililipata chini ya godoro, limeliwa pembe na panya:
Candiru, darasa la tatu, hisabati.
Kanga amesimama katikati ya kujumlisha,
viatu vyake vinakanyaga jibu,
na pembeni, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu,
tarehe, sahihi,
na maneno ambayo wakati ule yaliniudhi,
leo nayasoma kama hukumu:
*Mwambie mama yako asichore humu.*